Kabla Koleo Halijagusa Jino: Tahadhari kwa Wenye Maradhi ya Kurithi ya Mifupa

Jino la mtoto linapouma usiku katika nyumba iliyo mbali na mji, familia nzima haipati usingizi. Mama humsukutulisha maji ya chumvi ya uvuguvugu, bibi hutafuta karafuu, na baba huhesabu fedha za nauli akingoja kupambazuke. Kwa walio wengi, mtihani huo huisha asubuhi hiyohiyo. Tabibu wa meno hutia ganzi, hung'oa jino, na kabla ya adhuhuri mtoto anacheza na wenzake. Lakini wapo watoto wachache ambao kwao koleo hilohilo, katika mkono huohuo wenye nia njema, laweza kuvunja taya au kuacha kidonda kisichofunga kwa miezi mingi. Hao ni watoto waliozaliwa na maradhi ya nadra ya mifupa, yatokanayo na kasoro katika vinasaba.

Wiki hii tumeona tuwazungumzie watoto hao, na tumechagua kuyatazama mambo kutokea Kibondo na Kasulu, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Tumefanya hivyo kwa sababu mzazi aliye Dar es Salaam akiambiwa kuwa mwanawe anahitaji daktari bingwa, hupanda daladala. Mzazi wa Kibondo akiambiwa maneno hayo, huanza kufikiria kuuza mbuzi. Tahadhari tutakazozitaja zinawahusu wote wawili, ila yule wa pili akikosea hatua moja hugharimika zaidi.

Mifupa ina maradhi mengi

Wengi wetu, tukimwona mtoto anayevunjika mara kwa mara, husema tu kuwa ana mifupa mibovu. Ukweli ni kwamba maradhi ya kurithi ya mifupa ni mengi, na kila moja lina tabia yake kinywani. Ni vyema mzazi ayajue walau machache.

La kwanza, na ndilo linalojulikana zaidi, ni osteojenesisi impafekta, yaani ugonjwa wa mifupa inayovunjika kwa urahisi. Chanzo chake, katika wagonjwa walio wengi, ni kasoro katika utengenezaji wa kolajeni, ile protini ambayo ni kama kamba za kuufunga mfupa usipasuke. Mtoto huweza kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu, na mwingine huzaliwa tayari amevunjika. Weupe wa macho yake yamkini ukawa na rangi ya samawati, na baadhi yao hupungukiwa na usikivu wakishakua. Wataalamu hukadiria kuwa ugonjwa huu humpata mtoto mmoja katika kila vizazi 15,000 hadi 20,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.4 katika Mkoa wa Kigoma. Kwa makisio ya hesabu hiyo tu, mkoa huu ungetarajiwa kuwa na watu zaidi ya mia moja wenye hali hii. Basi ugonjwa wa nadra si ugonjwa usiokuwepo. Ni ugonjwa ambao kila familia hudhani imeupata peke yake.

La pili ni osteopetrosisi. Hapa mfupa haukosi ugumu, bali umezidi. Mwili umeshindwa kuubomoa mfupa wa zamani ili kuujenga upya, basi mfupa huwa mzito na mgumu kama jiwe, lakini hupasuka kama jiwe vilevile. Nafasi ya uboho hubanwa, na mgonjwa huweza kupungukiwa na damu.

La tatu ni kundi la maradhi ambayo mwili hauyatumii ipasavyo madini ya mifupa. Yupo mtoto mwenye matege yasiyonyooka hata akipewa vitamini D na kuoteshwa jua, kwa kuwa figo zake humwaga madini ya fosfeti katika mkojo. Yupo pia mwenye haipofosfatesia, ambaye meno yake ya utoto huanguka kabla hajatimiza miaka mitano, bila maumivu, yakiwa na mizizi yake mizima.

Yapo na mengine. Kuna watu waliozaliwa na mifupa midogo ya mtulinga, au bila mtulinga kabisa, hata huweza kuyakutanisha mabega yao kifuani. Hao huwa na meno ya ziada yaliyojificha ndani ya taya. Na kuna ugonjwa wa nadra mno ambao misuli hugeuka kuwa mfupa kila inapoumizwa, na dalili yake ya mapema ni kidole gumba cha mguu kilichopinda tangu kuzaliwa. Mwenye ugonjwa huo akidungwa sindano ya ganzi ndani ya misuli ya taya, kinywa chake kinaweza kufunga kisifunguke tena.

Kinywa husema mapema

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba meno wakati mwingine hutoa habari za mifupa kabla ya kitu kingine chochote. Baadhi ya watoto wenye mifupa inayovunjika huota meno ya kijivu, ya samawati au ya hudhurungi, yanayopitisha mwanga kama kaharabu. Tabaka gumu la nje hubanduka, na jino hulika hadi kwenye ufizi. Meno ya utoto aghalabu huathirika zaidi kuliko yale ya ukubwani. Majirani husema mtoto hapigi mswaki, na wengine husema ni maji yenye floraidi nyingi kama yale ya Arusha. Lakini ikiwa mtoto huyo amekwisha kuvunjika mara mbili au tatu bila sababu ya maana, rangi hiyo ni habari ambayo tabibu anapaswa kuisikia.

Vivyo hivyo, mtoto mwenye matege anayepata jipu la ufizi juu ya jino lisilo na tundu, na mtoto wa miaka mitatu aliyeangusha jino pamoja na mzizi wake, wote hao wanahitaji kutazamwa zaidi ya kinywa. Jino lililoanguka lisitupwe juu ya paa. Lihifadhiwe na lipelekwe hospitali pamoja na mtoto.

Haraka na hofu

Tumfikirie mama mmoja wa kijiji kimoja wilayani Kibondo. Huu ni mfano tu, lakini mfano unaofanana na maisha ya wengi. Mwanawe wa kiume ana umri wa miaka minane, amevunjika mapaja mara mbili, na leo shavu limevimba kwa sababu ya gego lililooza. Mama huyu ana njia mbili za kukosea.

Kosa la kwanza ni haraka. Anaweza kumpeleka kwa yeyote aliye karibu mwenye koleo, asiseme neno juu ya yale mapaja, kwa kuwa haoni uhusiano wa jino na paja. Tabibu naye, akiwa na foleni ndefu, akang'oa kama anavyowang'oa wengine, kwa nguvu zilezile.

Kosa la pili ni hofu. Baada ya kusikia maneno kama haya yetu, anaweza kusema kuwa mwanawe haguswi na daktari wa meno milele, akamnunulia vidonge vya maumivu na kungoja. Hili nalo ni hatari, na pengine kubwa zaidi. Usaha ulio katika jino haungoji. Kwa mwenye osteopetrosisi, ambaye mfupa wake wa taya hupata damu kidogo, uambukizo ukishaingia ndani ya mfupa huwa mgumu sana kutibika, na taya huweza kuoza kipande baada ya kipande.

Njia ya sawa ipo baina ya makosa hayo mawili. Mwenye mifupa inayovunjika huweza kung'olewa jino, na kidonda chake kwa kawaida hupona vizuri. Linalotakiwa ni mkono mpole, taya lishikiliwe kutoka chini wakati wote, jino lilegezwe polepole au likatwe vipande badala ya kuvutwa kwa nguvu, na ipatikane picha ya eksirei kwanza pale inapowezekana. Mwenye mfupa wa mawe ndiye ambaye kung'olewa jino kwake ni jambo zito, la kufanywa hospitali kubwa, baada ya kupimwa damu na kuandaliwa dawa za kuzuia uambukizo. Kwa huyu, jino linaloweza kuzibwa lizibwe, na kung'oa kuwe hatua ya mwisho.

Mambo ya kumwambia tabibu

Mama wa mfano wetu hahitaji kujua majina marefu ya maradhi. Anahitaji kusema mambo matano kabla mtoto hajaketi kitini.

Aseme mtoto amevunjika mara ngapi na wapi, na kama yupo mwingine katika ukoo mwenye hali hiyo.

Aseme kama mtoto anatumia, au amewahi kutumia, dawa za kuimarisha mifupa ziitwazo bisfosfoneti, ambazo aghalabu hutiwa kwa dripu mara chache kwa mwaka. Dawa hizi hupunguza mivunjiko, lakini hukaa mifupani kwa miaka, na kwa baadhi ya watu wazima wanaozitumia zimesababisha kidonda cha taya kisichopona baada ya kung'olewa jino. Kwa watoto jambo hilo ni nadra sana, hata hivyo tahadhari haina hasara. Anayetarajia kuanza dawa hizo atibiwe meno yote mabovu kwanza.

Aseme kama mtoto hutokwa na damu nyingi au huvilia damu kwa urahisi.

Aseme namna ya kumbeba. Mtoto huyu havutwi mkono wala hanyanyuliwi kwa makwapa. Mzazi mwenyewe ndiye amweke kitini, huku mgongo na makalio vimeshikiliwa. Kwa wale walio dhaifu sana, hata kile kitambaa cha kupimia shinikizo la damu kikikaza kinaweza kuvunja mkono.

Mwisho, aseme kama aliwahi kupewa dawa ya usingizi na yaliyotokea. Shingo na kifua cha wagonjwa hawa huhitaji uangalifu wa pekee, na kwa hiyo dawa ya usingizi itolewe pale tu penye mtaalamu wake na vifaa vyake.

Tunashauri mambo haya yaandikwe katika daftari moja la kliniki, na daftari hilo lisikae mbali na mtoto. Baba akisafiri na mama akiugua, shangazi atakayempeleka hospitali atakuwa na ushahidi mkononi.

Kutoka Kibondo hadi Muhimbili

Huduma za afya nchini Tanzania zimepangwa kwa ngazi, kuanzia zahanati na kituo cha afya hadi hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya kanda na ya taifa. Kwa mtu wa Kibondo, ngazi hizo ni kilomita. Hospitali ya wilaya ipo Kibondo mjini. Wilayani Kasulu ipo pia hospitali ya misheni ya Kabanga, inayowahudumia watu wa dini zote. Hospitali ya rufaa ya mkoa ni Maweni, mjini Kigoma, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kibondo. Juu yake ipo Bugando, jijini Mwanza. Na Muhimbili, pamoja na taasisi yake ya mifupa ya MOI na chuo kinachofundisha madaktari wa meno, ipo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja. Barabara ya Kasulu na Kibondo, iliyokuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, imekuwa ikijengwa kwa lami miaka ya karibuni. Hiyo ni neema. Lakini kwa mtoto mwenye mifupa dhaifu, kila saa ndani ya basi lililojaa ni hatari yenyewe.

Kwa sababu hiyo tunasema safari ipangwe, isiwe ya kukurupuka. Si kila jino lipelekwe Dar es Salaam. Jipu linaweza kutulizwa kwa dawa za viua vijasumu katika hospitali ya wilaya, wakati daktari wa hapo anawasiliana kwa simu na wenzake wa Maweni au Bugando. Mzazi ana haki ya kuomba mawasiliano hayo yafanyike kabla hajauza mbuzi wake. Na akipewa rufaa, aombe barua inayotaja ugonjwa wa mifupa, isiwe barua inayotaja jino tu, kwani atakayempokea huko atajiandaa kwa yale aliyoyasoma.

Tusiwasahau pia ndugu zetu wakimbizi, waliokimbia vita na machafuko ya Kongo na Burundi. Kwa mkimbizi, karatasi za matibabu za mtoto hupotea njiani kabla ya vitu vingine vyote. Anayewahudumia asichoke kuuliza upya.

Kisu cha mwenye kung'oa meno ya nailoni

Kuna jambo jingine la kulisema wazi. Katika maeneo mengi ya nchi yetu imeenea imani ya meno ya nailoni, au meno ya plastiki. Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, huambiwa ana meno mabaya ndani ya ufizi, na hupelekwa kwa mganga wa jadi ayatoe kwa kisu, au kwa kitu chochote chenye ncha. Kinachotolewa si ugonjwa. Ni chipukizi la jino la kweli, ambalo lilikuwa bado halijapevuka. Madaktari wa meno nchini wameandika juu ya madhara yake tangu miaka mingi: kutokwa na damu, uambukizo, na meno ya ukubwani yanayoota yakiwa na kasoro au yasiyoota kabisa. Ikiwa hayo humpata mtoto mwenye afya, basi fikiria taya la mtoto mwenye mifupa dhaifu, ambaye hakuna aliyejua kuwa anao ugonjwa huo. Mtoto anayeharisha anahitaji maji yenye chumvi na sukari ya kuzuia upungufu wa maji, na zahanati. Hahitaji kisu.

Sunna ya mswaki na rukhsa za mgonjwa

Kwa wagonjwa hawa kinga ndiyo tiba iliyo bora kuliko zote, na katika hili Waislamu hatuna udhuru. Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) aliuhimiza mno mswaki, hata akaonesha kwamba asingechelea kuutia umma wake mashakani angeuamrisha kwa kila Swala. Nyumba inayoishika Sunna hiyo tangu mtoto anapoota jino la kwanza imempunguzia safari tulizozitaja. Ila meno yanayobanduka yasisuguliwe kwa kijiti kigumu. Itumike burashi laini na dawa ya meno yenye floraidi, na kusudio la usafi litapatikana, In shaa Allah. Soda, peremende na chai yenye sukari nyingi zipunguzwe. Maharage, maziwa na dagaa wa Kigoma wanaoliwa na miba yao ni chakula chema kwa mifupa. Hata hivyo tusidanganyane, kwani chakula hakirekebishi kasoro ya vinasaba.

Wazazi wengi pia huuliza kuhusu udhu baada ya kung'olewa jino. Damu iliyoganda katika tundu la jino ndiyo kifuniko cha kidonda, na mgonjwa huambiwa asisukutue kwa muda wa saa 24. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, kusukutua katika udhu ni sunna wala si faradhi. Basi mgonjwa akiacha kusukutua siku hiyo udhu wake ni sahihi. Na mtoto au mtu mzima asiyeweza kusujudu kwa sababu ya mifupa yake huswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa huswali kwa kulala. Mgonjwa amepewa rukhsa ya kufungua katika Ramadhani na kulipa baadaye. Dini haikuja kumvunja aliyekwisha kuvunjika. Mwenye swali la ndani zaidi amwendee shekhe wake, akiwa na maelezo ya daktari mkononi.

Tuwaondolee lawama

Maradhi haya yana jeraha jingine lisiloonekana kwa eksirei. Mama wa mtoto anayevunjika huambiwa amemlaani mwanawe, au ukoo wake una mkosi. Baba hushukiwa kuwa anampiga mtoto. Ndoa nyingine hufikia kuvunjika. Ukweli ni kwamba kasoro hii mara nyingine hutoka kwa mzazi mmoja, mara nyingine kwa wote wawili wasiojijua, na mara nyingine huanza kwa mtoto mwenyewe bila ya mzazi yeyote kuwa nayo. Hakuna aliyefanya kosa. Ndoa ya mabinamu ni halali, lakini familia ambayo tayari imepata mtoto mwenye maradhi mazito ya aina hii, ikitaka kuoana tena ndani ya ukoo, itangulize kumwuliza daktari, kwa kuwa baadhi ya maradhi hayo hujitokeza zaidi pale wazazi wanapokuwa wa damu moja.

Na sisi wengine tuna wajibu. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kutafuta tiba, kwa kuwa hakuna maradhi aliyoyateremsha Mwenyezi Mungu bila ya kuyateremshia dawa. Lakini dawa hiyo ikiwa Mwanza na mgonjwa akiwa Kibondo bila nauli, kutafuta kwake kumekuwa ni mzigo wetu pia. Mafakiri na maskini wametajwa mwanzo kabisa katika wanaostahiki Zaka. Msikiti unaokusanya fedha za zulia jipya unaweza pia kutenga sehemu kwa ajili ya nauli ya mtoto mmoja na mama yake hadi Maweni, na unaweza kumtafutia Muislamu wa Kigoma mjini atakayewalaza siku mbili. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imekwisha kupitishwa tangu mwaka 2023, nasi tunatarajia itekelezwe kwa namna itakayowafikia hata wenye maradhi ya nadra. Hadi siku hiyo, na hata baada yake, jirani atabaki kuwa jirani.

Basi msomaji wetu, ukimjua mtoto wa namna hii katika mtaa wako, usingoje shavu livimbe. Mpelekee mama yake ukurasa huu leo, mkalifungue lile daftari pamoja, mkaandike yale mambo matano. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na awape subira na malipo mema wanaowabeba kwa upole.

Wabillahi Tawfiq.